Vidonge vya wasiwasi na usingizi: majibu ya maswali yenu

Asalaam aleikum. Toka niandike kuhusu wasiwasi na moyo kwenda mbio, maswali mengi yanayoingia ni ya vidonge vya kutuliza, hasa diazepam ambayo wengi tunaiita valium, na ndugu zake lorazepam, alprazolam, clonazepam na bromazepam. Wote ukoo mmoja, na kazi yao karibu moja. Naanza na swali ambalo mwenyewe hafai kusubiri.

Shikamoo. Baba yetu ana miaka 68, kameza lorazepam kila usiku zaidi ya mwaka. Tuliambiwa zinamfanya mtu mtumwa, tukazitupa zote Jumamosi. Sasa anatetemeka mikono, jasho linamtoka, hajalala, na anasema anaona wadudu ukutani. Jirani anasema ni sumu inatoka, tumwache. (Mkoani)

Marahaba mwanangu. Mpelekeni hospitali sasa hivi, hapo hapo Mkoani mnayo, msingoje kukuche. Hiyo si sumu inatoka. Ubongo una breki yake ya asili, na dawa hizi zinaisaidia kukanyaga, sasa mtu akizitumia miezi na miezi ubongo unajirekebisha, unapunguza nguvu za breki yake wenyewe kwa sababu kuna msaidizi kila usiku. Mkimwondoa msaidizi ghafla ubongo unakwenda mbio bila wa kuuzuia, ndo hayo matetemeko, jasho, na kuona vitu ambavyo havipo, na kinachofuata kinaweza kuwa degedege, na degedege la namna hii linaua. Mwambieni daktari mambo manne bila kuficha: jina la dawa, ukubwa wa dozi, ameitumia muda gani, na kidonge cha mwisho alikimeza lini. Kama pakiti tupu ipo ichukueni.

Mlitaka kumsaidia baba na hilo naliona, na kweli kwa umri wake dawa hizi si nzuri kukaa nazo. Lakini huachwa polepole chini ya daktari. Miongozo ya sasa inazungumzia kupunguza asilimia 5 mpaka 10 ya dozi kila wiki 2 hadi 4, kwa hiyo aliyetumia mwaka mzima asishangae kuacha kukachukua miezi. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo lake kali kuliko yote liandikwe kwenye dawa hizi, kuhusu kuzizoea na hatari ya kuziacha ghafla. Yaani hatari ya kuacha kwa pupa haipungui hatari ya kuendelea, na hili naomba mlisambaze kwenye kila nyumba yenye mzee anayetumia.

Mume wangu kafariki, nimo edani. Jirani alinipa valium zake nilale. Nilianza na kimoja, sasa mwezi wa tatu nameza viwili na bado saa nane za usiku niko macho. Nimeshakuwa mlevi? (Wete)

Mungu amrehemu, na akupe subira dada yangu. Wewe si mlevi, mwili umezoea tu, ndiyo tabia ya dawa hizi, kile kidonge kimoja kilichokulaza mwanzo hakina tena nguvu ile. Ndo mana kwa kawaida huandikwa kwa muda mfupi, wiki 2 hadi 4 hivi, na hapo mwisho. Usiongeze cha tatu, na baada ya miezi yote hiyo usikate ghafla, hadithi ya mzee wa Mkoani umeshaisoma. Nenda hospitali ya Wete wakupangie kupunguza. Eda haimzuii mtu kwenda kutibiwa, ukiwa na shaka muulize sheikh unayemwamini.

Tena kuna jambo linaniuma katika barua yako. Unalia kwa kufiwa, na kufiwa si maradhi ya kuzimwa kwa kidonge. Kidonge kinakulaza, lakini asubuhi msiba uko pale pale, na usipopata wa kuongea naye unabaki na msiba na kidonge vyote viwili. Muombe dada au shoga yako alale nawe siku hizi. Na jirani, najua alikuhurumia, lakini daktari alimwandikia yeye, huenda kwa sababu nyengine kabisa, na hajui wewe una pumu, una ujauzito au unakunywa dawa gani nyengine.

Msimu wa karafuu umefika. Usiku nameza valium ya mg 5 niliyoandikiwa, asubuhi niko juu ya mkarafuu. Inafaa? (Konde)

Haifai kaka. Diazepam haiishi asubuhi, inachukua kama siku mbili hata nusu yake itoke mwilini, na ile iliyobaki mwili unaigeuza kuwa dawa nyengine yenye nguvu vile vile inayokaa zaidi. Ukimeza kila usiku inajikusanya. Wewe unahisi mzima, lakini mkono unachelewa kushika tawi na macho yanachelewa kuliona, na mkarafuu haukupi nafasi ya pili. Hivyo hivyo kwa wa bodaboda, wa daladala na wavuvi. Rudi kwa daktari umwambie kazi yako ni ya kupanda juu, pengine hakukuuliza.

Nina mimba ya miezi saba na ninatumia diazepam. Niache leo? (Fuoni)

Usiache leo mwenyewe, nenda kliniki leo. Ikitumika karibu na kujifungua mtoto anaweza kuzaliwa mlegevu, anapumua kwa shida na hanyonyi vizuri, kwa hiyo wakunga lazima wajue mapema. Na ukishajifungua uwaambie tena, mana dawa inapita kwenye maziwa na mtoto anaweza kulala kupita kiasi.

Ramadhani nimeze vipi? (Nungwi)

Kama ni kidonge kimoja cha usiku meza usiku, hakuna tatizo. Kama ni mara mbili au tatu kwa siku, daktari akupangie kabla mwezi haujaandama. Usikusanye dozi zote za siku ukazimeza pamoja baada ya futari.

Mke wangu ana wasiwasi, roho inamdunda, wazee wanasema jini. Nataka dawa isiyozoewa. (Makunduchi)

Msomeeni Qur'ani, kisomo na matibabu havigombani. Lakini pia apimwe damu na tezi la shingo, mana upungufu wa damu na tezi linalofanya kazi kupita kiasi vyote vinaweza kupeleka moyo mbio, na apunguze kahawa. Kama ni wasiwasi wenyewe, dawa za muda mrefu ni kama sertraline au fluoxetine, hazina ulevi ule wa valium ingawa nazo haziachwi ghafla. Zinataka subira, wiki 2 mpaka 6 hata uone tofauti, na siku za mwanzo wasiwasi unaweza hata kuzidi, watu wengi huacha hapo hapo wakasema dawa mbaya. Kuongea na mshauri wa afya ya akili nako kunatibu kweli, uliza hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu hapo Unguja mjini au hospitali iliyo karibu nanyi.

Ndugu yangu aliacha unga, anakunywa methadoni, ile dawa ya kusaidia kuacha unga, kliniki ya Kidongo Chekundu. Nimegundua jioni anameza valium za mtaani. Nikimsema atakasirika. (Mjini)

Na akasirike. Methadoni inapunguza kasi ya kupumua na valium inapunguza pia, zikikutana mtu analala na pumzi inakatika usingizini. Tangu mwaka 2016 FDA imeweka onyo kali juu ya mchanganyiko huu, na linahusu pia tramadol, dawa za kikohozi zenye codeine, na pombe nayo ni hivyo hivyo. Na kidonge cha mtaani hujui hata ndani mna nini. Nenda naye kliniki awaambie mwenyewe, hawa wauguzi wameona mengi toka huduma ianze mwaka 2015, wanajua kusaidia bila kumdhalilisha mtu.

Usiku ukimsikia anakoroma koromo zito lisilo la kawaida, pumzi zinakuja mbali mbali, midomo imebadilika rangi na haamki ukimtikisa, usiseme mwache alale. Mlaze ubavu, usimmiminie maji wala maziwa mdomoni, tafuta gari umkimbize hospitali ya Mnazi Mmoja, na ukifika sema wazi: methadoni na valium.