Maswali na Majibu: Koili mpya inaungua siku ya pili

SWALI: Habari za kazi. Nimenunua vepu (sigara ya kielektroniki) ya wati 80 Kariakoo, imekuja na koili mbili (waya wa kupasha juisi, wenye pamba): ya omu 0.8 na ya omu 0.2, omu ikiwa kipimo cha ukinzani wa umeme. Naweka ya 0.8 na juisi ya chumvi ya nikotini, miligramu 50 kwa mililita, nasukuma hadi wati 35 ili moshi utoke mwingi. Siku ya pili inanuka kuungua. Nikiweka ya 0.2 napata kizunguzungu. Kibovu ni nini? – Msomaji, Sinza

JIBU: Vepu yako ni nzima, ndugu. Wati 80 ni uwezo wa mashine tu, koili haidai zote. Tazama ubavuni mwa koili: ya omu 0.8 kwa kawaida huandikwa wati 12 hadi 18. Kwenye wati 15 inapokea kama volti 3.5, ukiipa wati 35, mashine inapandisha hadi volti 5.3. Waya unakausha pamba kabla juisi haijafika, na pamba ikishaungua hairudi. Koili hiyo itupe.

Koili mpya idondoshee matone matatu au manne kwenye vitundu vya pamba, jaza tangi, subiri dakika 10. Anza na wati 12, panda wati moja moja, kila hatua pafu nne tano. Ladha ikikolea, baki hapo. Ukisikia ukavu kooni, shuka wati mbili mara moja, usivute tena kuhakikisha.

Kizunguzungu hicho ni nikotini imezidi, na tunakuomba usikichukulie kama mazoea. Koili ya 0.2 hutoa mvuke mwingi mno kwa juisi ya 50; kichefuchefu na moyo kwenda mbio hufuata. Kwenye 0.2 tumia miligramu 3, juisi nzito yenye gliserini asilimia 70, na wati zilizoandikwa kwenye koili yenyewe. Juisi hiyo nzito usiitie kwenye 0.8, vitundu vyake vidogo haviipitishi. Juisi ya nusu kwa nusu, yaani gliserini nusu na propilini glikoli (iliyo nyepesi) nusu, ndiyo yake. Na kwa joto la Dar juisi hulegea, kwa hiyo vepu iliyoachwa kwenye gari juani itavuja hata koili ikiwa mpya.

Sisi tungebaki na 0.8. Unatumia juisi kidogo na betri inadumu. Ila juisi tamu sana huigandisha masizi mapema, hata ukifuata yote haya.

SWALI: Muuzaji ananishawishi nichukue vepu ya bomba isiyo na kioo wala chipu, niifunge koili ya omu 0.1. Iko salama? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Hapana, kaka. Betri ya 18650, ile ya duara ndefu inayotumika kwenye vepu nyingi, ikijaa ina volti 4.2. Gawa kwa 0.1, unapata ampea 42, wakati betri nyingi nzuri za aina hiyo huhimili kama 20 mfululizo. Bomba halina cha kukata umeme, na betri iliyozidiwa hupata moto hadi kulipuka, tena karibu na uso wako. Chukua yenye chipu, ambayo hukataa kuwaka koili ikipiga shoti. Kagua pia ganda la plastiki la betri: likichanika hata kidogo upande wa chanya, usiiweke kwenye vepu, wala usiibebe mfukoni pamoja na funguo au sarafu.