Wajibu hivi kuhusu mtu kutoka nje angani bila vazi

Mwalimu mwenzangu wa Chamwino, umeuliza uwaambie nini wanafunzi wanaobishana kwamba mtu akitoka nje ya chombo angani bila vazi la anga hupasuka kama puto. Hapasuki.

Anza na sufuria ya chai. Hapa Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwani hewa inayoyakandamiza imepungua. Kwenye kimo cha kilomita 19 hivi, huchemka kwa joto la mwili, nyuzi 37. Chukua bomba jipya la sindano, bila sindano yenyewe, vuta maji ya moto kidogo, toa hewa yote, ziba tundu kwa kifuniko chake, kisha vuta mpini kwa nguvu. Viputo vitaibuka mbele ya macho yao. Ndivyo yanavyokuwa mate na machozi. Damu hubanwa na mishipa, haichemki hivyo, ila mwili huvimba sana.

Kinachoua ni kukosa oksijeni. Mwaka 1966 huko Houston, Jim LeBlanc alikuwa akijaribu vazi la anga kwenye chumba kilichoondolewa hewa, mpira wa kupeleka hewa kwenye vazi ukachomoka. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi. La mwisho alilokumbuka ni mate yakitokota ulimini. Hewa ikarudishwa haraka, akapona. Wale wanaanga watatu wa Soyuz 11, chombo cha Kisovieti kilichovuja hewa mwaka 1971, hawakuwahiwa, na huwa naumia kila nikiwasimulia.

Tafadhali sisitiza hili: kubana pumzi ni hatari, maana hewa iliyofungiwa hutanuka na kuchana mapafu. Kuganda papo hapo nako hakuna, kwa sababu hakuna hewa ya kuchukua joto la mwili.