Magharibi ya saa kumi

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmewauliza wasomaji waliowahi kusoma ughaibuni: mji wa watu uliujua zaidi mchana au usiku? Nimeanza kujibu mara tatu, na kila mara nakwama palepale. Mchana upi, na usiku upi?

Mimi nimezaliwa na kukulia Kilwa Masoko. Kwetu jua halina vituko. Linachomoza kwenye saa kumi na mbili, linazama kwenye saa kumi na mbili, mwaka mzima huchezacheza kidogo tu hapo katikati. Saa zetu zenyewe zimejengwa juu ya jua hilo: likitoka tunaanza kuhesabu moja, likizama tunaanza upya. Sikuwahi kufikiri kwamba hesabu hii inaweza kuharibika, mpaka Desemba 2022, nikiwa na miezi miwili Berlin nasomea uhandisi wa maji. Jioni moja nilitoka maabara nikakuta taa za barabarani zinawaka na watu wamejikunyata ndani ya makoti wanakimbilia treni. Nikampigia mama simu.

"Huko saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu."

"Ya alasiri?"

Nikatazama juu. Giza tupu. "Ya alasiri, mama, lakini ni usiku."

Kilwa iko mbele ya Berlin kwa saa mbili wakati wa baridi. Kwake ilikuwa saa kumi na mbili na nusu na jua lilikuwa halijazama. Mimi niliyekuwa nyuma yake kwa saa mbili, usiku ulikuwa umeshanifikia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimekula.

Mwezi huo magharibi Berlin huingia saa kumi kasoro dakika saba. Juni mambo hugeuka: jua linazama saa tatu na nusu usiku, na isha unaisubiri mpaka karibu na saa sita huku macho yanafumba yenyewe. Kuna uwanja mmoja mkubwa wa zamani wa ndege, Tempelhof, uliofungwa mwaka 2008 na miaka miwili baadaye ukafunguliwa kuwa bustani ya watu wote. Nilikuwa nakwenda pale saa mbili usiku nakuta watoto wanaendesha baiskeli juani kwenye njia zilizokuwa zikirukia ndege. Geti hufungwa jua linapozama, kwa hiyo saa ya kufunga hubadilika kila mwezi. Nilipoisoma ratiba ile getini nilifurahi sana, kama mtu aliyesikia lugha yake ikisemwa. Kumbe na hawa wanalifuata jua!

Basi jibu langu ni hili: mchana nilikuwa mtu wa Kilwa, usiku nikawa mkazi wa mji. Naomba nieleze.

Sikwenda Ulaya kutafuta historia. Nilikwenda kujifunza mabomba, pampu na kusafisha maji. Lakini Jumamosi moja ya baridi niliingia Makumbusho ya Elimu Viumbe ya Berlin ili nipate joto tu, na mbele yangu ikasimama mifupa ya mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria. Ninyi mnamjua kwa vitabu vya shule. Nami nilimjua hivyo, wakati Tendaguru ipo kwenye mkoa wetu wa Lindi. Mifupa ile ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo mimi, mtoto wa mkoa huohuo, nilikuwa sijapata kulisikia. Mifupa ikisimamishwa inapita mita 13 kwenda juu. Nilisimama miguuni pake nikainua shingo, nikaendelea kuinua, mpaka mtandio ukaniteleza mabegani. Pembeni yangu watoto wa shule walikuwa wameketi sakafuni wanachora. Mmoja alikuwa amechora shingo ikaishia kwenye ukingo wa karatasi, akaomba karatasi nyingine aunganishe.

Nilitoka pale na hasira na fahari kwa pamoja, na sikujua nianze na ipi. Tangu siku ile mchana wangu ukawa na kazi. Kila nikipata nafasi nilikuwa naitafuta Kilwa, na Kilwa ilikuwapo.

Mtaa wa Neukölln nilioupita kila Ijumaa kwenda msikitini unaitwa Lucy-Lameck-Straße, jina la mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa uwaziri Tanzania. Mpaka mwaka 2021 uliitwa kwa jina la Wissmann. Mtu wa Kilwa hahitaji kuelezwa huyo alikuwa nani. Alikuwa ndiye gavana wa Kijerumani mwaka 1895, Hassan bin Omari Makunganya, aliyepigana na Wajerumani, aliponyongwa Kilwa Kivinje, mahali tunapopaita hadi leo Mwembe Kinyonga. Kaskazini mwa mji, kwenye kitongoji cha Wedding, kulikuwa na barabara ndefu iliyopewa mwaka 1939 jina kwa heshima ya Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Agosti 2024, wiki chache kabla sijarudi nyumbani, kipande kimoja cha barabara hiyo kilibadilishwa kuwa Maji-Maji-Allee. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Nandete, Umatumbini, wilaya ya Kilwa. Bibi yangu mzaa mama ni Mmatumbi. Nilikwenda nikaigusa nguzo ya kibao kile kwa mkono, nikapiga picha, nikamtumia mjomba aliye karibu naye. Mjomba aliniambia Bibi aliishika simu kwa muda mrefu, kisha akauliza kama Wajerumani wanaweza kulitamka.

Wanalitamka vizuri tu. Nimewasikia ndani ya basi.

Usiku sasa. Nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa mmoja Ijumaa na Jumamosi, natoka baada ya saa saba. Wikiendi treni za chini ya ardhi za Berlin hutembea usiku kucha, na hiyo kwangu ilikuwa neema, kwa sababu siku za kazi inabidi usubiri basi la usiku kwenye baridi. Ndani ya treni ile ya saa nane za usiku nilijifunza mji kuliko kwenye ramani yoyote. Kuna vijana wanaokwenda kwenye muziki, ambao kwao usiku ndiyo kwanza unaanza. Kuna wanaorudi kazini kama mimi, mikono inanuka sabuni. Na kuna wazee wa chupa.

Hao niliwashangaa kuliko vyote. Ujerumani ukinunua kinywaji unalipia na chupa. Ukiirudisha dukani unarudishiwa senti 8 kwa chupa ya bia ya kawaida, senti 25 kwa chupa ya plastiki ya kutumika mara moja au kopo. Kwa hiyo usiku wazee hupita, wengine wana tochi, wanachungulia ndani ya mapipa ya taka. Nilimwona bibi mmoja stesheni ya Hermannplatz, amevaa koti safi, nywele kachana, anavuta kigari cha sokoni kilichojaa chupa. Angekuwa kwetu ningemwamkia shikamoo na kumpokea mzigo. Nilipomsimulia mama hakuamini. "Mzungu mzee anaokota chupa usiku?" Ndiyo, mama. Na wenyeji wana desturi moja niliyoipenda: chupa hawaitupi ndani ya pipa, wanaisimamisha chini, kando yake, ili anayeitafuta asitie mkono kwenye uchafu. Niliiga siku ya pili yake, na siku ile ndipo nilipojiona mkazi.

Sitawaficha upande wa pili. Usiku mmoja mlevi alinisimamia mbele ndani ya behewa akanitolea maneno juu ya mtandio wangu, na watu wote wakawa wanatazama simu zao. Halafu mwanamke mmoja wa makamo akahama kiti chake, akaja kuketi karibu yangu, bega kwa bega, bila kusema neno. Mlevi akaenda zake. Yule mama akateremka stesheni yangu, akanisindikiza mpaka juu kwenye ngazi, akageuka akarudi chini kusubiri treni nyingine. Kumbe haikuwa stesheni yake. Tangu hapo mimi na mwenzangu wa chumbani tuliwekeana sharti: kila mmoja anamtumia mwenziwe ujumbe anapopanda na anaposhuka. Dada zangu mnaokwenda, wekeeni watu wenu sharti hilo tangu wiki ya kwanza.

Mwenzangu huyo alikuwa binti wa Bukavu, Kongo. Kiswahili chake na changu vilikuwa vikigombana jikoni kila siku, yeye anasema sombe, mimi nasema kisamvu, na sufuria ni moja. Mei 2023 ilipoanza tiketi ya euro 49 kwa mwezi, ya treni zote za mwendo mdogo Ujerumani nzima, tulizunguka sana: Leipzig, Dresden, Hamburg. Miji hiyo niliipita, siwezi kusema niliijua. Brussels ndiyo iliyonikaa. Tulikwenda Agosti kwa basi la usiku, miguu imevimba, na mchana mwenzangu akanipeleka kwenye uwanja mdogo ulioitwa kwa jina la Patrice Lumumba mwaka 2018. Ni kona tu ya barabara, magari yanapita. Alisimama mbele ya kibao, mkoba kaukumbatia kifuani, na mimi nikasogea kando nimwachie nafasi. Nilijua anachokifanya. Mimi nilikuwa nimekwisha kufanya hivyo kwa mjusi wa Tendaguru.

Hatua chache kutoka pale unaingia Matongé, mtaa wa Wakongo. Jua lilipozama ndipo mwenzangu alipopata uhai. Saluni zilikuwa bado wazi, wanawake wanasukwa, redio inaimba, harufu ya samaki wa kukaanga imetanda. "Dada, huku njo kwetu," akaniambia, na usingizi wote ukaniisha. Akaniambia ananinunulia mikate. Nikasubiri mkate. Akaja na mfuko wa karatasi unaotoka mafuta, ndani madonge ya unga yaliyokaangwa, ya duara, ya moto: ndugu wa kalimati, ila hayana shira. Tuliyala tumeketi kwenye ngazi za duka lililofungwa, na kila aliyepita alitusalimu, kwa Kifaransa, kwa Kilingala, na mzee mmoja kwa Kiswahili cha Lubumbashi aliposikia tunavyoongea. Alituita wanangu. Ilikuwa miezi kumi sijaitwa hivyo na mtu aliye mbele ya macho yangu.

Niliiacha Lisbon mpaka mwisho makusudi, kwa sababu nilikuwa nimesoma kilichoko huko na nilikuwa naogopa. Nilikwenda Juni 2024. Asubuhi nilipita Belém, kwenye kanisa la watawa alimozikwa Vasco da Gama, nikatazama kaburi lake la mawe yaliyochongwa, nikatoka. Sikuwa na la kumwambia. Mchana nikapanda kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, nikauliza ilipo Custódia de Belém.

Ni chombo cha ibada cha dhahabu, kirefu, chembamba, kimesimama ndani ya kioo kama mnara wa kanisa. Katikati mitume 12 wamepiga magoti, kila mmoja si mkubwa kuliko kidole changu, na kila mmoja ana uso wake na mikunjo ya nguo yake. Sijapata kuona kazi ya mkono nzuri kuliko ile, na naisema kweli hiyo ingawa inaniuma. Mwaka 1502 da Gama aliitishia Kilwa kwa mizinga, mfalme wetu akalazimika kulipa kodi ya dhahabu. Mfalme Manuel wa Ureno akaamuru dhahabu hiyo itumike kutengeneza chombo hiki. Mwaka 1505, sonara akiwa bado kazini, meli za Wareno chini ya Almeida zikaja kuipora Kilwa yenyewe. Mwaka uliofuata kazi ikakamilika. Yote haya hayakufichwa: kitakoni, maandishi yamezunguka chombo, yanasema kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Nilizunguka kioo mara nne, nimeinama, nikitafuta jina la nyumbani herufi kwa herufi, mpaka mlinzi akanisogelea akidhani nimeangusha kitu.

Nilitoka nikaketi kwenye bustani iliyo kando ya makumbusho, mto Tejo unang'aa chini yangu. Nikampigia Babu. Babu hakwenda shule ya kizungu, lakini ujana wake wote alivusha watu kwa mashua kutoka Masoko kwenda Kisiwani, na kila jiwe la magofu ya mji wa kale kule analijua.

"Umeiona?"

"Nimeiona, Babu."

"Ikoje?"

Nikamweleza, mitume, magoti, vidole. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza kama Kilwa wameiandika.

"Wameiandika. Kwa herufi zao, lakini inasomeka."

"Haya, nisomee."

Nikamsomea, nikitafsiri nilipoweza. Alikaa kimya. Nyuma yake nikasikia spika ya msikiti inakoroma, halafu muadhini akaanza isha. Nilitazama saa: Lisbon ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini, jua kali, watu wamevaa miwani ya jua wanakula aiskrimu.

"Huko bado mchana?" Babu akauliza.

"Bado, Babu."

"Basi rudi ukaitazame tena kabla hawajafunga," akasema. "Mimi nakwenda kuswali."

Nikarudi.

Msomaji wenu,
Kilwa Masoko