Binti yangu na mchezo wa lakrosi

SWALI: Tunaishi Maryland, Marekani. Binti yangu wa miaka 7 anatamani kujiunga na mafunzo kwa wanaoanza ya lakrosi, mchezo wa timu ambao mpira hurushwa na kudakwa kwa fimbo zenye wavu. Je, hataumia?

JIBU: Mama, wasiwasi wako una msingi, kwani mpira wa kawaida wa mchezo huu, walioturithisha wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, ni wa raba ngumu, lakini mafunzo mazuri ya umri huo hutumia mpira laini, hayaruhusu kugongana, na huanza na kuokota mpira chini kwa fimbo yenye wavu, kazi ambayo, niseme kweli, huwatoa jasho hata watu wazima. Uliza kwanza kama vifaa huazimwa. Nyumbani, mfundishe kudaka kwa kuurudisha wavu nyuma kidogo mpira unapofika, kama anayepokea yai lililorushwa.