Haragi limerudi au limebaki nje?

Wadogo zangu mnaoanza takwimu hapa Bukavu, kabla ya kushika kanuni yoyote, piteni soko la Kadutu mnunue maharagi. Yanatosha kumi: mekundu manne, meupe sita, yote ndani ya kikopo. Mwalimu atasema avec remise, sans remise. Mkononi maana yake ni hii tu: haragi ulilotoa limerudi, au limebaki nje.

Likirudi, kikopo ni kile kile. Kutoa mekundu mawili mfululizo ni 4/10 mara 4/10, asilimia 16. Lisiporudi, yamebaki tisa na mekundu ni matatu: 4/10 mara 3/9, asilimia 13 hivi. Kupata moja la kila rangi ni kinyume: asilimia 48 likirudi, 53 lisiporudi, kwa sababu kila jekundu linalotoka linayaachia meupe nafasi.

Na kurudisha bila kutikisa si kurudisha. Ukiliweka juu juu, vidole vitalikuta pale pale.

Sasa swali lililoniangusha mwaka wa kwanza. Mtu anatoa haragi, analificha ndani ya ngumi bila kuliangalia, halirudi. La pili lina uwezekano gani wa kuwa jekundu? Niliandika 3/9, jirani yangu 4/9, tukatoka tukibishana mpaka barabarani. Wote tulikosa. Jibu ni 4/10, sawa na la kwanza! Nilikataa kabisa, hadi nilipopita njia zote mbili kwa kalamu: jekundu kisha jekundu, 12/90, jeupe kisha jekundu, 24/90. Jumla 36/90, yaani 4/10. Ngumi ikifunguka ndipo hesabu inageuka, kuwa 3/9 au 4/9 kufuatana na rangi iliyomo. Basi ukisoma swali, tafuta pia jicho limeona nini.

Kwenye utafiti wa mitaani hatuulizi nyumba moja mara mbili, yaani hakuna kurudisha. Hata hivyo, kama nyumba ni 1,000 na 400 hazina bomba la maji, kupata mbili zisizo na bomba ni 400/1,000 mara 399/999, asilimia 15.98. Karibu 16 ile ile, ndiyo maana kanuni rahisi, ile ya kurudisha, inaruhusiwa sampuli (nyumba mlizochagua kuuliza) ikiwa ndogo mbele ya jumla. Lakini mkitumwa kwenye avenyu ya milango 40 mkachukua 25, msithubutu kuhesabu kana kwamba milango inarudi.