Volontia akitoka Moshi kwenda Zanzibar: viza ni ile ile
Dada, umeuliza kama volontia anayetoka Moshi kwenda kwa familia moja ya Jambiani, kisiwani Unguja, anahitaji viza nyingine. Hahitaji. Hiyo aliyoingilia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, inafika mpaka Unguja na Pemba, maana uhamiaji ni jambo la Muungano. Cha kuongeza ni bima ya safari ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, lazima kwa wageni wa nje tangu Oktoba 1, 2024, hata kama ana bima ya kwao. Nakaa na volontia hapa Soweto, Moshi. Wa mwisho tulimlipia mtandaoni mezani kwangu, akaikunja karatasi akaitia kwenye pasipoti. Ila kama kwa hiyo familia ya Jambiani anakwenda kufundisha na si kutembea tu, viza ya utalii haimruhusu, hata asipolipwa. Apite uhamiaji kwanza.