Wali kikombe kimoja

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza ikiwa kikombe kinatosha kupimia chakula jikoni au kila nyumba inahitaji mizani. Nililisoma nikiwa nimesimama kando ya jiko hapa Nyakato, Mwanza, nikalirudia mara ya pili, na maharage yakashika chini ya sufuria. Jibu langu la kwanza lilikuwa fupi na lenye hasira: kikombe hakitoshi, hakijawahi kutosha, na anayemwandikia mgonjwa chakula kwa vikombe amemwandikia fumbo. Nimelaza hasira hiyo usiku mmoja ndipo nikaandika barua hii. Naona kwamba kabla ya kuchagua kati ya kikombe na mizani ni lazima tujue kwanza kikombe kinachosemwa ni kipi, na hapo swali lenu limeruka hatua.

Kikombe cha mapishi ya Kimarekani huchukua takriban mililita 237, na kile kinachotumika kwenye lebo za vyakula za huko kimewekwa kuwa mililita 240. Cha Australia ni 250. Cha Kijapani ni 200, ila kile kidogo cha plastiki kinachokuja ndani ya sufuria la umeme la kupikia wali ni 180, kwa sababu kinafuata kipimo cha mchele cha zamani cha huko huko Japani. Mapishi ya zamani ya Kiingereza yakitaja kikombe, mara nyingi yanamaanisha nusu painti yao, yaani mililita 284. Hata desturi ya kukijaza kikombe na kukikata kwa mgongo wa kisu haikushuka na mvua. Aliyeieneza ni mwalimu wa mapishi wa Boston, Fannie Farmer, kwa kitabu alichokitoa mwaka 1896. Sisi tunaosoma mapishi kwenye simu tunayapokea yote kana kwamba yametoka jiko moja, kisha tunapima kwa kikombe chochote kilichooshwa asubuhi hiyo.

Wazee wa Kiswahili walilijua tatizo hili na wakalipatia maneno kupitia kibaba, kipimo chao cha nafaka. Kibaba cha mfuto ni kile kilichokatwa sawasawa na ukingo, na kibaba cha tele ni kile kilichoachwa kifanye kilima. Vibaba vinne ni pishi moja, lakini muuzaji na mnunuzi walipaswa kukubaliana kwanza kama ni vya mfuto au vya tele. Methali yetu ya haba na haba haisemi ni kibaba kipi kinachojazwa, na sokoni Kirumba nako hakuna anayeuliza: mama muuza mchele hujaza kopo lake la sado, hukilinda kilima kwa kiganja, na mteja humwambia aongeze kidogo hata kama punje zimekwisha kuporomoka hadi chini. Nampenda mama huyo na sina neno naye. Neno langu ni na daftari la kliniki.

Miaka michache iliyopita mama mkwe wangu alitoka Ukerewe kwa meli, akaja kukaa kwetu ili apate matibabu ya kisukari hapa mjini. Siku ya kwanza ya kliniki nilikuwa kazini, mume wangu alikuwa safarini, akaenda peke yake na kurudi na daftari dogo la mistari. Ndani yake, chini ya majina ya dawa, mtu alikuwa ameandika kwa haraka maneno haya: samaki, mboga za majani kwa wingi, ugali kidogo, wali kikombe kimoja. Hapakuwa na neno lingine. Mama alinikabidhi daftari kwa mikono miwili, akasema, "Mwanangu, mimi nitakula ulichoandikiwa wewe kunipikia," na kuanzia hapo mambo ya chakula chake yakawa juu yangu.

Alikuwa amekuja na kikombe chake mwenyewe, cha bati, cheupe, chenye ukingo wa bluu na pengo moja la rangi karibu na mkono, ambacho alikuwa akikinywea uji tangu kabla sijaolewa. Sikuwaza mara mbili. Kila siku nilichota mchele kwa kikombe kile, nikaupika, nikampakulia nusu mchana na nusu jioni, nikiamini kwamba si tu nimetii daftari bali nimelipunguza, kwa kuwa kikombe kimoja nilikigawa kwa milo miwili. Sahani ilionekana imejaa, naam, lakini mkwe hahesabiwi matonge. Ningewezaje kusimama mbele ya mama aliyemzaa mume wangu na kumwambia kwamba wali wake ni mwingi?

Kwa wiki tatu sukari yake ya asubuhi, kabla hajala kitu, ilikuwa juu, ikicheza kati ya milimoli 11 na 13 kwa lita. Nilianza kumshuku. Nawaambia ukweli huu kwa aibu: nilitazama kama kuna maganda ya miwa nyuma ya nyumba, nilihesabu ndizi, na jioni moja nilimwuliza mwanangu mdogo ikiwa bibi humtuma dukani. Mama alilijua hilo. Hakusema kitu, ila aliacha kukaa jikoni nilipokuwa napika, na kwa mtu wa kwao, kuondoka jikoni ni hotuba ndefu.

Safari ya pili ya kliniki tulikwenda wote wawili, na sijui kwa nini nilikitia kile kikombe kwenye mfuko. Nadhani nilitaka ushahidi kwamba mimi nimefuata maagizo. Muuguzi wa siku ile, ambaye hakuwa yule wa kwanza, alilisoma daftari, akaniuliza maswali mawili ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza: "Kikombe gani?" na, "Cha mchele au cha wali?" Nikatoa kile cha bati na kukiweka mezani. Hakucheka. Alichukua chupa yake ya maji ya nusu lita ambayo ilikuwa haijafunguliwa, akaimimina yote ndani, na kikombe hakikujaa; kidole kimoja kilibaki hadi ukingoni.

Hesabu iliyobaki niliifanya mwenyewe ndani ya daladala. Kikombe kile kilikuwa zaidi ya vikombe viwili vya mililita 250. Mimi nilikijaza mchele mkavu, na mchele ukiiva huumuka hadi karibu mara tatu, kwa hiyo kikombe kimoja changu kilikuwa kikitoa vikombe sita vya wali, vitatu mchana na vitatu jioni. Kikombe kimoja cha wali mweupe ulioiva kina takriban gramu 45 za wanga, na kikombe kimoja kwa mlo ndicho alichokusudiwa. Tulipofika karibu na Buzuruga, Mama, ambaye nilidhani amesinzia, alisema bila kunigeukia, "Kumbe ulikuwa unanilisha kama wavuvi." Sikupata jibu wakati ule, na sijalipata hadi leo.

Hapa ndipo nilipokusudia kufunga kwa kusema kila nyumba inunue mizani. Lakini nikiandika nimeona kwamba nitakuwa nimekionea kikombe, kwa maana kazi nyingi za jikoni hazihitaji kujua kikombe kinachukua kiasi gani, zinahitaji tu kiwe kile kile. Kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya maji ni wali, kiwe cha bati au cha udongo, na anayeharibu ni yule anayepima mchele kwa kimoja na maji kwa kingine. Hata hapo mpishi hutumia akili yake, kwani mchele mpya hunywa maji machache kuliko uliokaa ghalani, na mizani haitakuambia mchele umevunwa lini. Kikombe hutupotosha pale tunapoacha kuuliza uwiano na kuanza kuuliza kiasi, yaani mtu huyu ale ngapi, na hilo ndilo daftari lilitaka kutuambia.

Unga ni kesi nyingine. Unga wa ngano uliotiwa kwa kijiko na kusawazishwa huwa kama gramu 120 au 125 kwa kikombe, lakini ukichovya kikombe kwenye mfuko na kushindilia unaweza kufika 150, na keki yako itakuwa tofali kabla hujaiweka jikoni. Kwa keki nakubali mizani bila mjadala. Ugali, kwa upande wake, hauingii kwenye kikombe wala kwenye mizani kwa namna yoyote ya heshima, na yule muuguzi alitushauri tutumie ngumi, kwamba ugali wote wa mlo mmoja usizidi ngumi ya mlaji. Ni ushauri mzuri kwa sababu hakuna anayesahau ngumi yake nyumbani, ingawa ngumi ya Mama, aliyelima muhogo tangu utotoni, si sawa na yangu ya kushika kalamu ofisini.

Sukari yake ilishuka baadaye, asubuhi nyingi ikawa 8 na pointi kadhaa. Sidai kwamba ni kazi ya kikombe peke yake, kwa sababu siku ile ile daktari alibadilisha pia kiasi cha dawa, na ninyi wasomaji wenye wagonjwa msiache kuuliza kliniki zenu kwa kunisoma mimi. Ninachodai ni kidogo: anayeandika "kikombe" kwenye daftari la mgonjwa aandike pia mililita, na aandike kama chakula kimeiva au ni kibichi. Ni maneno mawili tu, hayamalizi wino.

Basi jibu la swali lenu, kama bado mnalitaka, ni kwamba kikombe kinatosha, mradi kiwe kimoja, kijulikane ujazo wake, kikatwe mfuto, na kisiulizwe habari za keki. Mizani yenyewe sijanunua. Nilinunua pale Makoroboi kikombe cha plastiki chenye mistari, nikachora mstari wa 250 kwa rangi nyekundu ya kucha ili uonekane bila miwani, na Mama aliporudi kwao Nansio, Ukerewe, aliondoka nacho. Kile cha bati alikirudisha kwenye kazi yake ya uji usio na sukari. Mimi humpigia simu kila Jumapili na kumwuliza kama bado anapima. Yeye hujibu kwamba anapima kila siku. Wiki iliyopita nikajitia ujasiri nikamwuliza kama ni mfuto au tele, akakaa kimya kidogo, kisha akasema mtandao wa huko kisiwani unasumbua, hanisikii vizuri.

Msomaji wenu,
Nyakato, Mwanza